Mara Mbili Ferrara

Bi Joha alikuwa mtu wa kunusa maziwa kabla ya kuyamimina, hata yale aliyoyanunua mwenyewe dakika kumi zilizopita na tarehe yake akaisoma kwa miwani. Sasa mtu wa namna hiyo umpelekee barua kutoka Italia, yenye majina yake yote matatu, inayosema ameingia na gari katika mji ambao hajawahi kuukanyaga, unategemea afanye nini? Aliinusa.

Aliyemletea ni Sharifu, msimamizi wa duka la vipuri vya magari kule Ras Al Khor, Dubai, duka ambalo Joha aliachiwa na marehemu mumewe. Sanduku la posta lilikuwa la duka, kwa hiyo barua zote za familia zilipitia huko kwanza. Ilikuwa Januari ya mwaka 2016, Jumatatu asubuhi, na Sharifu alisimama mlangoni mwa nyumba ya Al Barsha na funguo za gari mkononi, kuonyesha kwamba ana haraka.

"Kaa," Joha alimwambia. "Nisomee vizuri. Hawa wezi hawa."

Sharifu akakaa, akasoma, akatikisa kichwa. "Si wezi, Bi Joha. Faini ya mji hii. Miji yao ya kale hawataki magari ya wageni katikati, kwenye zile njia nyembamba. Wametia kamera. Ukipita tu umeshapigwa picha, wala hujui. Barua inakuja baada ya miezi, umeshasahau hata kama ulisafiri."

"Mji gani?"

"Ferrara."

"Hatukwenda Ferrara sisi. Tulikwenda Roma, Siena, Florensi, Bolonya, Verona, tukamalizia Venisi. Hiyo Ferrara wamenisingizia."

Sharifu akafunua ukurasa wa pili, akakohoa kidogo. "Wanasema mmeingia mara mbili. Siku hiyohiyo moja. Saa tatu na dakika hamsini na mbili asubuhi, halafu tena saa tisa na dakika nane alasiri. Yalla, mimi wateja wananingoja."

Alipoondoka, Joha alikwenda kabatini akatoa bati la biskuti alimoweka karatasi zote za ile safari: tiketi, risiti za hoteli, mpaka karatasi ya kukodi gari. Gari lilikodiwa kwa jina lake kwa sababu kadi ya benki ilikuwa yake, ingawa mwendeshaji alikuwa mdogo wake, Ummi. Akalinganisha namba za gari, herufi kwa herufi. Zilikuwa zilezile. Akatazama tarehe. Ishirini na nane Aprili.

Tarehe ishirini na nane Aprili yeye alikuwa Bolonya, kitandani, ana homa.

Safari ile ilikuwa wazo la Ummi tangu mwanzo. Ndugu hawa wawili waliishi pamoja katika nyumba ile ya Al Barsha tangu Ummi aachike. Joha ana miaka sitini na mbili, Ummi hamsini na nne, na hakuna mwingine kati yao. Ummi, aliyekuwa karani katika shule moja ya binafsi, alikuja siku moja na ramani, akasema, "Da Joha, tumezeeka na hatujaona kitu. Twende Italia, nitaendesha mie, tupite mji kwa mji." Joha aliitilia shaka safari, akaitilia shaka bei ya tiketi, akamtilia shaka na yule mwanamke wa kwenye ramani ya gari anayesema pinda kulia pinda kushoto. Na kweli, kule Siena mwanamke huyo aliwaingiza katika kichochoro kilichoishia kwenye ukuta, ikabidi muuza mikate aache duka lake aje kuwarudisha nyuma. Ummi alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye usukani. Joha naye akacheka, ingawa aliyahesabu masanduku yao baada ya yule muuza mikate kuondoka. Alikuwa hajacheka namna ile kwa miaka mingi.

Kwa nini miaka mingi, hilo ni jambo ambalo nyumba nzima ililijua na hakuna aliyelisema. Joha alikuwa na mtoto mmoja tu, Zeyana. Alimpeleka Uingereza kusoma, na mwaka 2006 Zeyana akapiga simu kusema kaolewa na kijana waliyesoma pamoja, mzungu, na kwamba kijana kasilimu. Joha hakuamini. Kasilimu wapi, mbele ya nani, kwa shahada gani? Alisema ni uongo wa kutafutia harusi. Mtoto akasema, "Mama, mbona huniamini hata kidogo?" Mama akakata simu. Kuanzia siku hiyo akapiga marufuku: jina lile lisitajwe mbele yake, wala la mume, wala nchi wanayoishi. Na lilikuwa halitajwi. Kuna siku Ummi alijisahau akasema, "Nimesikia habari za yule binti," na papo hapo Joha aliinuka kwenda jikoni kukoroga chungu kisicho na haja ya kukorogwa.

Sasa alikaa na ile karatasi, akaanza kuikumbuka siku ya Bolonya saa kwa saa. Asubuhi Ummi alimwekea maji na vidonge pembeni. Akasema anatoka kwenda duka la dawa, halafu atazunguka kidogo. "Yule binti wa usafi akigonga, mfungulie abadilishe mashuka," aliagiza. Yule binti aligonga kweli; Joha alifungua akamkatalia, naye akarudi kugonga tena na tena, na Joha kwa homa ile aliona kama anagongwa kichwani. Ummi alirudi adhuhuri. Baadaye akasema anashuka kukaa sebuleni chini asimsumbue mgonjwa. Ndivyo alivyosema: sebuleni, chini. Kumbe saa tisa na dakika nane alikuwa anaingia Ferrara mara ya pili.

Mtu anaweza kupotea akaingia mji mara moja. Nani anapotea mara mbili, asubuhi na alasiri, mahali palepale?

Joha hakumuuliza siku ile. Angekuwa mtu mwingine angempigia simu kazini, yakaisha. Yeye alirudisha karatasi ndani ya bati, akaanza kumchunguza mdogo wake kama anavyochunguza samaki sokoni, macho kwanza.

Na ukimchunguza mtu, utaona. Aliona kwamba Ummi sasa anaweka simu yake kifudifudi mezani. Aliona kwamba kahawa ya alasiri, ambayo walikuwa wakinywa pamoja barazani wakitazama watu wanavyomiminika kwenda kwenye maduka makubwa, Ummi hainywi tena naye. Tangu lini? Akapiga hesabu nyuma. Tangu Italia. Kutoka Bolonya mpaka Verona Ummi hakusema maneno kumi. Joha alidhani ni uchovu wa kuendesha. Venisi walipanda mashua ndogo, na Ummi akageuka upande wa pili njia nzima. Walirudi Dubai, na ile baridi ikarudi nao, ikakaa nyumbani miezi minane, na Joha akaiita uzee.

Mwanamume? Ummi ni mzuri bado, na mtu akishaachika ana haki ya kujitafutia mwengine. Lakini mwanamume wa Ferrara? Ugonjwa? Labda alikwenda kwa daktari. Mbona basi mara mbili? Joha hakulala vizuri. Kilichomuuma hasa si Ferrara. Kilichomuuma ni kwamba Ummi alikuwa mtu pekee duniani ambaye maneno yake aliyapokea bila kuyanusa. Kama na huyo alikuwa akimdanganya, basi amebaki peke yake, na umri ule hakuna pa kwenda kutafuta ndugu mwingine.

Jumatano alishuka chini kwa Jotham, mlinzi wa jengo, Mganda mmoja mtaratibu sana aliyekuwa akimsaidia kubeba mifuko.

"Jotham, mwanangu. Dada yangu anapotoka, kuna mtu anakuja kumchukua?"

"Hapana, mama. Anatoka na gari yake saa moja, anarudi saa kumi. Hakuna mtu."

"Hata mgeni? Hata mara moja?"

Jotham alisita, akatazama viatu vyake. "Mama, mimi sipendi maneno ya watu. Lakini ile wiki ya juzi nilikuwa naangalia magari huko chini kwa parking. Nikaona madam Ummi amekaa ndani ya gari, analia na simu. Anasema tu, nisamehe, nisamehe. Nikaogopa kumuuliza. Nikaenda."

"Anamwambia nani?"

"Sasa hiyo mimi nitajuaje, mama?"

Joha alipanda juu. Mtu anaomba msamaha kwa jambo alilolifanya. Na jambo lenyewe limefanyika Ferrara.

Ijumaa, baada ya sala na baada ya wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga, Ummi alikuwa anakusanya sahani. Joha alitoa karatasi kutoka mfukoni mwa gauni, akaiweka katikati ya meza, juu ya punje za wali.

"Ferrara," alisema. "Mara mbili kwa siku moja. Mie niko kitandani nakufa kwa homa, weye umeniambia uko sebuleni. Nambie, Ummi. Kuna nini Ferrara?"

Alitegemea mdogo wake ashtuke, abadilike rangi, atafute uongo. Ummi aliweka sahani chini taratibu, akasoma ile karatasi mpaka mwisho, na alipoinua uso, uso ulikuwa na hasira. Hasira tupu. Joha hakuwahi kuiona.

"Unaniuliza mie?" Ummi alisema. "Weye, Da Joha, unaniuliza mie kuna nini Ferrara?"

"Nakuuliza."

"Nilikwenda kumchukua. Halafu nikamrudisha. Ndio mara mbili zako hizo."

"Kumchukua nani?"

"Usijifanye hujui! Miezi minane nakuvumilia. Nakupikia, nakufulia, nakaa na weye meza moja, na kila nikikutazama nasema huyu mwanamke ana jiwe kifuani. Nakuuliza na mie: ulipata wapi roho ya kumwambia vile, na yuko hatua mbili kutoka kitandani kwako?"

Joha alimtazama. Alitazama mdomo wake, mikono yake, akitafuta mahali uongo ulipojificha, kwa mazoea. Hakuuona. "Ummi," alisema, na sauti yake ikawa ndogo, "wallahi sijui unamzungumza nani."

Ummi aliitazama tena ile karatasi. Akavuta kiti akakaa.

"Nilikuja mlangoni," alisema polepole, kama mtu anayepima maji kwa mguu. "Nikafungua kidogo. Chumba giza, umejifunika gubigubi. Nikakwambia, 'Da Joha, yule binti yuko mlangoni hapa. Nimwingize?' Unakumbuka?"

Joha alikumbuka. Alikumbuka kila neno, kwa kuwa ni yeye aliyesema, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliozoea kwamba ughaibuni hakuna wa kuwaelewa. Mtu gani huyu haelewi akikataliwa? Mwambie aende zake. Simtaki leo wala kesho.

"Wa usafi," alisema. "Nilimwambia yule binti wa usafi. Kanigongea asubuhi nzima, Ummi. Nilidhani kaja na mashuka."

Barabarani gari lilipiga honi, likapiga tena.

"Ulinikataza jina lake," Ummi alisema mwishowe. "Miaka tisa nimelikalia jina lake. Hata siku ile, yuko nyuma yangu, kanishika gauni huku nyuma kama mtoto mdogo, niliogopa kulitaja usije ukaruka. Nikasema yule binti. Alisikia yote, Da Joha. Hakulia. Aliweka chini chupa ya uji, uji wa pilipilimanga alioupika mwenyewe kwa sababu nilimwambia una homa, akasema, 'Mama mdogo, nirudishe kwangu.' Ndio ule uji uliokunywa jioni. Nilikwambia wa hoteli kwa kuwa sikutaka uumwage."

Joha aliweka mkono mdomoni. Aliunywa wote ule uji, akaomba mwingine.

"Zeyana," alisema.

Lilitoka kwa shida, likiwa limekauka. Ummi akaanza kulia kwa kulisikia tu. Joha hakulia. Alikuwa anaona aibu, aibu inayochoma masikio, na chini ya aibu kulikuwa na hofu kubwa kuliko ile ya kudanganywa na mdogo wake. Miezi minane mtoto wake ametembea na maneno yale. Miezi minane ameamka nayo, amelala nayo.

"Yuko Ferrara siku zote hizi?"

"Mwaka wa saba huu. Anafundisha. Mumewe ana karakana ya kutengeneza baiskeli, huko kila mtu anapanda baiskeli. Anasali, Da Joha. Nimemwona kwa macho yangu, wala hakujua kama namtazama. Nilikupeleka Italia kwa ajili hiyo tu. Siena na Florensi nilikuwa nakuzungusha, nakulainisha, nangoja ucheke kwanza."

"Mpigie."

"Atakata. Mie mwenyewe hunipokea kwa nadra siku hizi. Anasema ndimi niliyemburuza mpaka mlangoni aje kutukanwa."

"Nipe mie namba. Nitapiga kwa simu yangu."

Ummi alimwandikia namba nyuma ya ile barua ya faini, hapakuwa na karatasi nyingine karibu. Joha alivaa miwani, akabonyeza tarakimu moja moja, akairudia yote kuhakikisha, kisha akabonyeza kupiga. Simu ikaita mara tano. Ikapokewa na sauti ya mwanamke mzima, inayosema Kitaliano.

"Zeyana," Joha alisema. "Mie mama yako."

Halafu ile sauti, kwa Kiswahili, haraka haraka: "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, mwanangu."

"Mama mdogo yuko wapi? Ana nini? Niambie tu, usinifiche."

"Yuko hapa, mzima. Hakuna aliyekufa, Zeyana. Mie nataka kuzungumza na weye tu."

Kwamba mtoto wake aliposikia sauti yake alifikiria maiti kwanza, hilo Joha alilibeba, akaendelea. Alieleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, homa, mashuka, msichana mwenye ndoo, neno binti, giza la chumba. Alipomaliza alisikia pumzi ya mtu upande wa pili.

"Miezi minane," Zeyana alisema. "Leo ndio unakumbuka kwamba alikuwa mfanya usafi?"

"Leo ndio nimejua kwamba ulikuwa weye."

"Nitajuaje kama kweli?"

Joha alirekebisha miwani. Aliiangalia meza: sahani, miba ya samaki, karatasi ya faini yenye saa na dakika za gari. Kamera ya Ferrara ilipiga picha namba za gari, haikupiga moyo wa mtu aliyelala Bolonya. Shahidi hakuwepo. Hati haikuwepo. Maisha yake yote alikuwa akiwadai watu vitu hivyo, na sasa ndiye anayedaiwa, na mikono yake mitupu.

"Hutajua," alisema. "Sina cha kukuonyesha. Nakuomba uniamini tu, hivihivi. Najua mie sikukuamini."

Ummi alifumba macho. Joha akaibana simu sikioni mpaka ikamuuma, akingoja ile sauti ya simu iliyokatwa.

"Huyo msichana wa usafi," Zeyana alisema, "alikuwaje?"

"Mwembamba. Nywele kafunga kitambaa cha buluu."

"Aligonga mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya nne ndio ilikuwa yenu."

"Mbona hukuuliza binti gani? Una binti mmoja tu duniani. Mbona hukuuliza?"

Hilo lilimkata. "Kwa sababu nilikuzuia kila mahali, mwanangu, mpaka nikasahau kwamba unaweza kuja."

Kisha swali jingine likaja, na jingine. Alikuwa amelala upande gani. Dirisha lilikuwa wazi au limefungwa. Uji aliunywa wote au aliubakisha, na kama aliunywa, ulikuwa na nini ndani yake. Sauti ilikuwa ngumu, ya mtu asiyeamini hata nusu, mtu anayegeuza kila jibu na kulitazama chini yake, na Joha aliitambua sauti hiyo vizuri sana. Alijibu yote bila kuficha wala kuongeza. Ummi aliondoa sahani, akafuta meza, akaleta kahawa, akaketi. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa na maswali yalikuwa bado yanakuja. Mara mbili alirudiwa swali lilelile kumnasa kama atatofautiana, na mara zote mbili Joha, ambaye hakuwahi kuvumilia kuulizwa na mtu hata alikuwa wapi, alijibu kwa upole uleule, akiomba moyoni swali lisiwe la mwisho, kwa kuwa maadamu mtoto wake anauliza, hajakata simu.